Sanduku la Kaka Bakari na Kikoi Changu

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa Temeke, maana wao hutia chumvi, na kusema kweli halihitaji chumvi: niliwahi kusimama mlangoni kwa wakwe wa kaka yangu, mchana kweupe, kikoi kiko miguuni.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nasoma sekondari, na hamu yangu ilikuwa moja tu, niwe fundi wa umeme (kwetu Temeke tulikuwa bado na kandili, taa za umeme tukiziona mjini). Umeme bila fizikia hakuna. Basi Ijumaa hiyo mwalimu wetu, Mwalimu Lazaro, mtu wa bara asiyejua kucheka, akasema ukiinua mzigo umefanya kazi, lakini ukisimama nao tu kichwani, hata uloe jasho, mzigo hujaufanyia kazi yoyote. Mie na mdomo wangu nikasema, "Mwalimu, wewe hujawahi kubeba gunia." Darasa zima likaangua kicheko.

"Jumatatu utasimama hapa mbele," akasema, "utueleze kazi, nishati na pawa kwa mfano wako mwenyewe. Ukishindwa, fizikia basi. Utakwenda kwa wenzako wa historia."

Nilitoka pale nimefungua daftari. Maneno nilikuwa nimeyakariri kama kasuku, lakini kuyaelewa, hapana.

Jumamosi ikawa siku ya kupeleka sanduku la kaka Bakari kwa bibi harusi. Nyie mnajua sanduku la harusi: kanga, viatu, sabuni, marashi, vyote ndani ya sanduku la mbao, na kwetu likishatoka nyumbani halitui chini mpaka lifike kwa wakwe. Binamu yangu Rajabu akataka tulibebe kwa kupokezana. Nikamtazama, nikamtazama na Zuhura, mdogo wake bibi harusi, aliyekuja kutupokea, nikasema, "Niachie, hili jepesi." Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Kutembea hakukuwa tabu, tabu ilikuwa kusimama. Shangazi Mwanahawa, kiongozi wa kina mama, kila akifika nyumba ya ndugu lazima wasimame waimbe, wacheze, wanyunyiziwe marashi, wapige vigelegele, na mie niko katikati ya mchanga, sanduku kichwani, shingo inazama mabegani (eti sifanyi kazi yoyote, nikamlaani Mwalimu Lazaro kimoyomoyo).

"Shangazi, twende basi!"

"Tulia, mwanangu, harusi haikimbizwi!"

Mara nikahisi kikoi kinalegea. Mikono yote miwili iko juu, nikikishika kikoi sanduku linaanguka, na kumwita Rajabu sitaki kwa sababu Zuhura atasikia, basi nikabana mapaja nikawa natembea kama bata.

Nyumba ya wakwe ilikuwa na ngazi za saruji za kupandia barazani. Rajabu akaninong'oneza, "Polepole!" Mie nikaona dawa ni kukimbia nimalize. Nikapanda mbio, kikoi kikaporomoka, kikanifunga miguu, nikaenda mbele mzimamzima! Sanduku likaruka, likatua juu ya sinia la tambi la wazee, sinia likabonyea katikati, tambi zikapaa hadi kwenye ndevu za baba mkwe, kanga zikatapakaa baraza nzima, na mie nimebaki na kaptula ya shule yenye viraka matakoni.

Nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi Mwanahawa ndiye aliyeniokoa. "Halijagusa chini!" akapaza sauti. "Limetua kwenye sinia!" Vigelegele hivyo, baba mkwe akacheka huku anachambua tambi ndevuni, Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Na mie nainama kukifunga kikoi, nikaliona lile sinia lilivyobonyea, na fizikia yote ikaniingia kwa mpigo.

Jumatatu nikasimama mbele, nikaeleza yote, na aibu yangu humo humo. "Nilipoliinua nilifanya kazi, na kazi ile ikabaki sandukuni kuwa nishati, kwa sababu liko juu. Niliposimama nalo halikupanda, kwa hiyo sikuliongezea kitu, jasho lilikuwa la misuli yangu. Ngazini nikalipandisha tena, nishati ikazidi, na lilipoanguka ikageuka mwendo, ikalibonyeza sinia. Kupanda polepole au mbio kazi ni ile ile, ila mbio inataka kuifanya kwa muda mfupi, yaani pawa kubwa, na pawa hiyo miguu yangu haikuwa nayo."

Mwalimu Lazaro akavua miwani. "Na kikoi je?"

"Kikoi kilishuka kwa uzito wake, mwalimu. Hapo mie sikufanya kazi yoyote."

Darasa likalipuka, wengine wanapiga madawati, na Mwalimu Lazaro, wallahi, akacheka mpaka akafuta machozi. "Kaa chini," akasema. "Historia wamekukosa."

Siku hiyo nilitembea Temeke nzima kifua mbele, fizikia ni yangu. Ila sanduku la harusi sibebi tena bila suruali na mkanda, hata anayeoa awe mie mwenyewe.