Nilimpa Nafula Nusu Chapati

Mimi ndiye niliyekosa, na sitaki mtu aniambie si mimi. Nimeshaambiwa hivyo na watu wenye huruma na haikunisaidia chochote. Someni tu, halafu mnitukane mkitaka. Siku hizi hata matusi hayaniingii.

Jina sitoi. Mimi ni Mkenya, mtu wa Nakuru, nafanya kazi ya nyumba huku Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Ugonjwa wangu ni sinema. Nimekulia kwenye kibanda cha video nyuma ya soko, zile filamu za ngumi ambazo dijei anaongea juu yake kwa Kiswahili. Mzungu anafungua mdomo, anasema maneno matatu, dijei anajaza dakika nzima: "Skiza wewe mzee, leo utajua hujui!" Mzungu mwenyewe alikuwa amesema nini? Hatukujua, na wala hatukuuliza. Tulikuwa tumekuja kucheka.

Hilo la dijei liwekeni akilini, maana ndilo lililoniponza.

Huku Saudia sinema zikanifuata. Watoto wa madam wanapenda kwenda sinema pale kwenye mall, na mimi lazima niende, nani atamshika mdogo mkono kwenda choo? Basi nakaa mwisho wa mstari na bisi mapajani, naona filamu za bure. Nimeona nyingi, jamani! Kuliko mtu mwenye tiketi yake.

Sasa kulikuwa na grupu ya wasap ya wanawake Wakenya walioko Saudia. Mwenyewe ni Mama Tito, mama mtu mzima anayekaa Kandara, hapa hapa Jeddah, na kufanya usafi kwa nyumba za watu. Grupu ya kwanza ilikuwa imevunjika vibaya. Dada mmoja alituma sauti akimteta madam wake mle ndani, mtu akapeleka ile sauti kwa ajenti aliyemleta, na yule dada akanyang'anywa simu. Kwa hivyo Mama Tito akatoa amri.

"Humu hakuna kafili, hakuna madam, hakuna ikama. Mkitaka kuongea, ongeeni sinema!"

Yaani bosi aliyekudhamini, mke wake na kibali cha kukaa, vyote marufuku. Tukaongea sinema. Na mimi nikawa ndiye hakimu wao. Nilikuwa naona filamu, naisimulia kwa sauti ya dijei, halafu naipa chapati. Chapati tano ndiyo mwisho, hakuna ya sita.

Yale magari yanayoruka kutoka ghorofa moja hadi nyingine? Chapati mbili. Dereva ameanguka kutoka juu ya daraja na unywele haujasogea, ilhali mimi nikiinama kusugua choo kitambaa cha kichwa kinaanguka ndani. Tamthilia za Kituruki za madam, chapati moja. Watu wawili wanatazamana, muziki unalia, wanatazamana tena, mpaka wali unaungua jikoni na hawajasema kitu! Ya Kinaijeria ya mama mkwe nikaipa tatu. Mama mkwe alikuwa wa kweli kabisa, lakini mzuka mwishoni alikuwa amevaa sandali. Kuna katuni ya ngamia mdogo aliyepotezana na mamake, hiyo nilitoa nne, nikawaambia watoto machozi ni ya pilipili ya kripsi. Na ile ya Kihindi, jamaa amepigwa risasi tatu na bado anaimba na kupanda mlima, nikatoa tano zote. Mama Tito akauliza, "Tano za nini sasa?" Nikamwambia, "Niache, mama. Staring hafi!"

Hilo, kwamba mwigizaji mkuu hafi, likawa neno la grupu. Mtu akisikitikia filamu, wote wanamjibu, staring hafi.

Aliyekuwa anacheka kuliko wote ni Nafula. Huyo ni msichana wa Bungoma, tulijuana Nairobi kwenye yale mafunzo ya kabla ya safari, tukilala godoro moja. Yeye akaangukia Riyadh, mtaa wa Malaz, kwa familia kubwa inayokaa nyumba ya ghorofa na ngazi zisizoisha. Mimi nikaja Jeddah. Aliniita sista tangu siku ya kwanza. Alikuwa na mchumba nyumbani na alikuwa anahesabu miezi ya kwenda kuolewa na kuzaa.

Ijumaa moja, mchana, napiga pasi nguo za watoto, nikaona Nafula ametuma sauti kwenye grupu. Yeye hakuwa msimuliaji, kazi yake ilikuwa kucheka. Nikafungua mbio.

"Jamani, na mimi leo nina sinema," akaanza. "Kuna msichana anafanya kazi kwa nyumba iko na ngazi nyingi. Anaumwa na tumbo, huku chini, upande wa kulia. Akamwambia madam. Madam akasema mafi mushkila, si kitu, akampa tembe za maumivu. Kesho yake akaanza kutapika. Madam akasema huyo anaigiza, ni uvivu. Sasa anaosha ngazi kwa magoti, maana kusimama hawezi. Sinema bado inaendelea."

Ndiyo hiyo tu. Alikuwa anasimama katikati ya maneno kuvuta pumzi.

Sasa sikieni ujinga wangu. Huwa nauliza filamu inaitwaje na nani ameigiza, hiyo ndiyo desturi yangu kabla sijatoa chapati. Siku hiyo sikuuliza. Nilikuwa nimeshaona pa kuchekesha. Nikashika simu, nikaweka ile sauti ya dijei, nikaanza kuongea juu ya maneno yake.

"Wee wee wee! Hii sinema imeandikwa na nani? Mtu anaumwa hivyo na bado anaosha ngazi? Uongo mtupu! Huyo mwigizaji hajui hata maumivu yanakaaje. Mtu akiumwa kweli analala chini, anapiga nduru mpaka majirani wanakuja. Na nyinyi msianze kulia hapo, staring hafi! Nusu chapati, na hiyo nusu imeungua!"

Aki, walicheka! Vile vikatuni vya kucheka vilijipanga mpaka chini. Mama Tito mwenyewe alituma sauti anacheka na kukohoa.

Baadaye kidogo Nafula akaniandikia pembeni, nje ya grupu.

"Sista, na kama ingekuwa ni kweli, huyo msichana angefanya nini?"

Hapa ndipo nimekuja kuungama. Ile sauti ya kwanza mtu anaweza kusema sikujua. Lakini hili swali nililielewa. Niliweka pasi pembeni. Nilikumbuka zile pumzi. Kitu kiliniambia, muulize, Nafula, ni wewe?

Nikaogopa. Na nilichoogopa ni cha aibu hata kukitaja. Niliogopa nikimuuliza, na kumbe ni sinema kweli, atarudi kwenye grupu awaambie hakimu wao amedanganywa na filamu. Ningechekwa mwezi mzima! Pia nikajiambia, na ikiwa ni kweli? Hapo ni mambo ya madam na kafili, mambo ambayo tumekatazwa, na mimi niko Jeddah, nitamsaidia na nini? Kumbe kulikuwa na Otieno, dereva wa nyumba yao, Mkenya mwenzetu. Mama Tito alikuwa na namba yake. Ilikuwa ni kupiga simu moja tu.

Nikamjibu, "Halas, basi Nafula, mwambie abadilishe chaneli." Na kikatuni cha kucheka.

Naye akanirudishia kikatuni cha kucheka. Bado ninacho kwenye simu. Nakiangalia na sihisi kitu, nakiangalia tu.

Nikamaliza kupiga pasi. Jioni nikapika. Siku zilizofuata nikaendelea kutoa chapati zangu, na Nafula hakucheka hata moja. Niliona kimya chake, nikasema labda ana kazi nyingi.

Halafu Mama Tito akapiga simu. Hakutuma sauti, alipiga, na yeye hapigi hovyo.

"Uko wapi?"

"Jikoni."

"Kaa chini. Nafula yuko hospitali. Amepasuliwa."

Nikakaa. Akaniambia Otieno alimkuta kwenye ngazi na ndoo imemwagika, hata kuongea haongei. Madam alikuwa juu anapiga kelele kwamba msichana anaigiza, aachwe ataamka mwenyewe. Otieno hakungoja ruhusa, akambeba mpaka kwenye gari. Hospitali wakakuta apendiksi imepasuka zamani, uchafu umejaa tumboni.

"Mama," nikasema, "ile sinema..."

"Ndiyo hiyo."

 Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nilicheka." Akakata simu.

Sikulia. Kulikuwa na viazi kwenye sinki, nikamenya viazi. Mdogo akaja kuonyesha mchoro wake, nikamwambia ni mzuri. Nangoja kulia mpaka leo.

Walimpasua Nafula tena mara ya pili. Alikaa hospitali mpaka akakonda watu wakamsahau sura, kisha akarudishwa Kenya kwa kiti cha magurudumu. Daktari amemwambia kupata mtoto kutakuwa kugumu. Mchumba naye aliposikia hivyo akapunguza simu, na sasa hapigi kabisa.

Madam wake ana dhambi yake, ataibeba mwenyewe. Mimi naongea yangu.

Kumpigia Nafula sikuweza. Nilikuwa naandika "pole" na kufuta. Halafu shule zikafungwa, madam wangu akatupeleka Riyadh kwa dadake. Siku moja tunaenda sinema, gari likapita Malaz. Nikatazama zile nyumba za ghorofa, nikawa najiuliza ni ngazi zipi. Ndani ya sinema watoto walicheka mpaka wakamwaga bisi. Mimi nilikuwa naona watu wanatembea ukutani, basi. Madam akanigeukia, "Helu?", yaani ni nzuri? Nikamjibu, "Helu, madam." Mkiniuliza hiyo filamu ilihusu nini, siwezi kuwaambia. Ilikuwa na mbwa.

Kesho yake nikampigia.

"Sista!" akasema. Kwa furaha, jamani! "Umepotea! Umeona sinema gani?"

"Nafula, nisamehe."

"Kwa nini sasa?"

"Ile nusu chapati. Wewe uliniuliza na mimi nikakwambia ubadilishe chaneli. Kama ulinikasirikia na ndiyo maana ukanyamaza, niambie tu. Nitukane."

"Sikukukasirikia, sista."

"Basi mbona hukuwaambia wengine? Mbona hukumwambia hata Otieno?"

 Nilisikia kuku wa kwao nyuma.

"Nilikuamini," akasema. "Wewe ndiye unajua mambo ya sinema. Ulisema mtu akiumwa kweli hawezi kuosha ngazi. Na mimi nilikuwa naziosha. Nikasema basi hii si kuumwa, pengine madam ana haki, pengine ninaigiza. Nikajikaza."

Ngai! Afadhali angenitukana. Afadhali angekata simu, afadhali angewaambia watu wa kwao waniwekee chuki mpaka kufa. Hakufanya hivyo. Aliniuliza kama nakula vizuri, akaniambia nijitunze.

Grupu bado ipo. Ile amri Mama Tito ameifuta. Siku hizi mtu akiumwa anasema naumwa, na namba ya Otieno tunayo sote. Wananiomba chapati mara moja moja, nawaambia macho yananisumbua. Dijei naye ameisha. Nikijaribu kuitoa ile sauti, inatoka yangu ya kawaida.

Nyinyi mnaosoma, na hasa nyinyi mnaojua kuchekesha watu, nawaomba kitu kimoja. Mtu akikuletea sinema usiyoijua, haina jina, haina mwigizaji, na pumzi zinamkatika akisimulia, usiongee juu yake. Nyamaza. Muulize ni wewe? Unaumwa wapi? Ikiwa ni sinema kweli, atakucheka, na wenzake watakucheka mwezi mzima.

Waache wacheke. Kuchekwa si kitu.