Kanuni Yenye Majina Manne

Gaspard alikuwa mtu wa kushukuru, na ole wako umuulize kwa nini, maana angeanza kukusimulia tangu Uvira. Kule Kongo alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Vita ikamtoa, akavuka mpaka na mkewe Mwavita na begi moja, akafika Bujumbura, ambako nako watu walikuwa wanapigana. Aliruka majivu akakanyaga moto, tuseme hivyo. Lakini watu wa mtaa wa Cibitoke walimpa chumba, kanisa likampa godoro, na Télesphore akampa kazi. Kwa hayo matatu alipiga magoti kila asubuhi, na sakafu ya saruji haina huruma kwa magoti ya mzee.

Télesphore huyo alikuwa Mrundi, fundi wa kompyuta mwenye ofisi ndogo mjini. Kwa miaka mingi alikuwa anaunda programu ya ajabu kidogo. Unaipa kanuni za lugha fulani, yaani jinsi sentensi zake zinavyojengwa, nayo inakutengenezea programu nyingine ya kusoma sentensi hizo na kuzichambua kipande kwa kipande. Mashine ya kuzaa wasomaji, ndivyo Mwavita alivyoielewa, na hakukosea sana. Télesphore aliijua yote kichwani, ila kuandika hakujaliwa.

"Muzee, mi nitakueleza, we utaandika," alimwambia Gaspard. "Mutu asome kitabu yako, aweze kutumia programu bila kuniuliza."

Gaspard akaandika, tena aliandika vizuri mno, na balaa likaanzia hapo. Walimu wa kizazi chake walifundishwa na mapadri kwamba kurudia neno ni aibu. Ukiandika neno moja mara mbili katika aya moja, kalamu nyekundu inapita. Naye kalamu hiyo aliipitisha kwenye madaftari ya watoto wa Uvira bila kumwonea mtu haya. Basi kanuni, ile ile moja, ukurasa wa kwanza aliiita kanuni, wa pili akaiita sheria, mbele kidogo ikawa utaratibu, halafu ikawa agizo. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, nakutilia Kiswahili tu uonje. Télesphore alikisoma akakifurahia, maana mwenye kukijua kitu atakielewa hata ukikiita sufuria.

Wa kwanza kukitumia alikuwa Orlane, binti wa kutoka Ruziba, kusini mwa mji, mwanafunzi wa chuo mwaka wa mwisho. Kwa kazi yake ya kumaliza masomo alitaka kuunda programu ya kusoma sentensi fupi za Kirundi. Ilikuwa mwaka 2003. Barabara ya kusini ilikuwa inafunguliwa leo, kesho imefungwa. Parokia ya kwao ilikuwa na kompyuta na jenereta, akajifungia huko na kitabu cha Gaspard.

Siku barabara ilipofunguliwa alikuja ofisini, amekonda, macho mekundu. Mwisho wa mwezi ule ndio alitakiwa kutetea kazi yake mbele ya walimu. Asipoweza, diploma hakuna, na nyumbani walikuwa wamekwisha kusema kwamba mwaka mwingine wa chuo hawauwezi. Akasalimia kwa adabu, akakaa, akafungua kitabu.

"Papa Gaspard, niko nauliza tu. Hii kanuni na hii sheria, tofauti yao ni nini?"

"Apana tofauti, binti yangu," Gaspard akajibu, tena kwa majivuno kidogo. "Ni kitu kimoja. Nilibadilisha ili lugha isichoshe."

Orlane akakifunga kitabu. Kisha akaeleza, polepole, kwamba alikuwa ametengeneza faili la kanuni, faili jingine la sheria, jingine la utaratibu, jingine la maagizo, na programu imeyakataa yote.

"Nililia sana, Papa," akasema. "Nilizani mi ndiye mujinga."

 Gaspard angeweza kujitetea, maneno anayo ya kutosha, lakini hakujitetea. Alimtazama Télesphore akingoja kufukuzwa kazi. Télesphore akajikuna kichwa.

"Hata mi nilisoma, muzee, na sikuona. Tukae tutengeneze. Saa kumi barabara inafungwa."

Mpaka leo Gaspard akifika kwenye hilo "tukae", sauti inamtetemeka.

Wakakaa. Kwanza Télesphore aliiamuru kompyuta ibadilishe kila "sheria" iwe "kanuni" kwa mpigo mmoja. Nayo ikatii, hadi kwenye ukurasa wa shukrani, ambako rafiki mmoja wa Kitivo cha Sheria aligeuka kuwa wa Kitivo cha Kanuni. Orlane akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Ikabidi wapite kwa macho, mstari kwa mstari. Gaspard anasoma kwa sauti, Orlane anasema yeye alielewa nini, na kila kitu kinapewa jina moja la kukaa nalo mpaka mwisho wa kitabu. Mzee aliumia, nisikudanganye. "Kanuni inaanza na jina la kanuni, kanuni ikikosa jina, kanuni haisomwi." Yeye wa kuandika hivyo! Aliona kama anampakulia mgeni maharage asubuhi, mchana na jioni. Mzoea punda hapandi farasi, lakini siku hiyo alipanda, shingo upande. Karatasi zikatoka kwenye printa, Orlane akazifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akawahi basi.

Kesho yake barabara ikafungwa tena. Mapigano yakafika mtaa wa Musaga, simu zikawa hazishiki, na habari za Ruziba hakuna aliyekuwa nazo. Gaspard aliziogopa risasi kama kila mtu, lakini aliogopa pia neno moja ambalo labda lilimponyoka, likabaki mahali, limpotoshe tena mtoto wa watu wakati hana wa kumuuliza. Hata chakula kilimshinda.

"We ulishaandika, Papa," Mwavita akamwambia. "Sasa acha kitabu kifanye kazi yake."

Siku ya kutetea ilipofika, Orlane naye alifika, ameletwa na wavuvi kwa njia ya ziwani. Gaspard na Télesphore walikaa nyuma kabisa. Binti akaandika sentensi ya Kirundi, programu ikaisoma, ikaitenganisha vipande, kila kimoja mahali pake. Akaandika nyingine, ikasoma. Walimu wakamwongezea ngumu zaidi, ikasoma.

Mkubwa wao, mtu asiyecheka ovyo, akavua miwani.

"Mademoiselle, wiki hizi zote Ruziba ilikuwa imefungwa. Hii kazi si nyepesi. Nani alikuwa anakueleza?"

Orlane alifikiri kidogo, kama mtu anayetaka kusema kweli tupu.

"Hakuna mutu," akasema. "Nilisoma tu, nikaelewa."

Télesphore alimgeukia mwenzake ampe pole kwa kusahauliwa. Akamkuta mzee anafuta machozi kwa mkono wa shati, na huku anacheka.

"Asante Mungu," Gaspard alikuwa ananong'ona. "Umesikia? Hakuna mutu."