Baraka Niliyokataa Kuifasiri

Mchungaji aliponiomba niende Denmark kuwa mkalimani wa rafiki yangu, nilipaswa kukataa. Wenyeji wa huko, marafiki wa kanisa letu, walimtaka yeye, mfugaji wa Kimasai wa Piyaya na mzee wa kanisa. Mimi, Mmbulu, mkulima wa Endabash, nilihitajika kwa sababu tu nilimaliza kidato cha nne na Kiingereza changu kilipita. Jambo hilo lilinichoma. Nilikubali nikijiambia kwamba tukifika, watu wataona wenyewe nani kati yetu ni msomi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, hata sabuni tuliipangia foleni. Niliazima suti na tai kwa shemeji yangu. Mwenzangu alikuja uwanja wa Kilimanjaro na shuka lake jekundu na makubazi ya matairi.

"Mmbulu," akaniita, akiitazama tai, "hiyo kamba ni ya kukuongozea au ya kukuchinjia?"

"Cheka tu. Huko watakushangaa wewe."

Nilikuwa na hakika. Wazungu niliowajua ni wale waliopita Karatu wakienda kreta kutazama wanyama, nguo zao safi, kazi yao kupiga picha. Niliamini kwao hakuna vumbi wala mavi ya ng'ombe, na kwamba mtu mwenye suti ndiye wanayemheshimu. Ndege ilipopaa nilijishikilia kitini. Yeye alilala.

Mtu wa kwanza niliyemwona kule ndani ya uwanja wa ndege alikuwa Mzungu mzee akifagia. Nilisimama nikimtazama. Viatu vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu, nami nikamwonea wivu mfagiaji. Kisha tukapelekwa shambani kwa mwenyeji wetu, na harufu iliyotupokea ilikuwa ya zizi. Ilikuwa kiangazi chao: saa za usiku ziliingia na jua bado halijazama.

"Jua la hawa watu halina boma la kulala?" akauliza rafiki yangu. Nilipofasiri, nyumba nzima ilicheka. Walimcheka kwa kumpenda. Mimi niliyesema maneno hayo hakuna aliyenitazama.

Ikawa hivyo kila siku. Majirani walikuja na kamera kwa ajili ya shuka. Alipopapasa migongo ya ng'ombe wao, wakapiga makofi. Niliulizwa swali moja tu: "Anasemaje?" Suti ya shemeji ilinibana makwapani, na moyo nao ulinibana.

Jumapili, mwenyeji alimleta mjukuu wake mchanga. Rafiki yangu alimpokea kwa mikono miwili, akainama, akamtemea mate kidogo utosini. Bibi wa mtoto alimnyakua, akamfuta kwa kitambaa.

"Kwa nini amefanya hivyo?" mwenyeji akaniuliza.

Nilijua. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, mtu huyuhuyu alipanda lori la mahindi kutoka kwao mpaka kwangu ili amtemee mate, amtakie umri mrefu. Mke wangu alilia kwa furaha.

"Sijui," nikajibu. "Sisi wakulima hatuna mambo hayo."

Rafiki yangu aliwatazama usoni mmoja mmoja. "Umewaambia ni baraka?"

"Nimewaambia."

Siku zilizofuata kamera hazikuja. Nilipata nilichokitaka: nilikaa karibu na mwenyeji, tukazungumza habari za ngano. Mwenzangu alikaa nje na ng'ombe.

Kabla hatujaondoka, alikuja kututembelea muuguzi mzee wa kwao aliyewahi kuishi Loliondo, Umasaini. Akazungumza na rafiki yangu Kimasai, kisha akawageukia wenyeji na kuwaeleza kwamba mate yale ni baraka, na jibu langu la "sijui" akamfasiria rafiki yangu. Bibi alimleta tena mtoto, machozi yakimtoka, akaomba abarikiwe. Rafiki yangu alimbariki. Halafu akanitazama, kwa utulivu tu.

Ndani ya ndege alisema mara moja tu: "Ungekuwa hujui, ningekusamehe hapohapo. Ila mwanao nilimtemea mbele yako."

Hakuja tena Endabash. Nilituma salamu kwa wafugaji niliowakuta mnadani, zikarudi bila jibu. Mama yake alipofariki nilisikia hukohuko mnadani, wengine wakiwa wamekwishakwenda kumpa pole. Nilipokwenda, alinipa chai kama anavyopewa mgeni, akanisindikiza hadi mlangoni.

Nilikuwa na rafiki mmoja wa kweli maishani. Nilimpoteza kwa sababu nilitaka Wazungu wanitazame mimi, na hadi anakufa hatukupatana.