Tui la Mgonjwa

Tulikuwa wanne uani, kwenye nyumba ya kupanga Kariakoo, miaka ya hamsini. Mama yangu, tumemlaza mkekani karibu na mlango apate hewa. Shangazi yangu, dada wa baba, kaja kutoka Magomeni kumuuguza. Mama mpangaji wa chumba cha mbele, mtu wa kusini, muuza muhogo sokoni. Na mimi, binti wa miaka kumi na miwili. Majina yao yote ninayo, ila hapa siyaandiki.

Ilikuwa siku ya nne hakikai kitu tumboni mwa mama. Macho yameingia ndani. Alichotamani ni mchuzi mwepesi wa samaki, wa tui, basi. Nikakuna nazi, nikachuja, nikabandika, nikakoroga bila kupumzika. Likichemka tu, linakatika: maji chini, mafuta yanaelea juu. Mama akiyaonja yale mafuta anatapika mpaka nyongo. Mara mbili hivyo.

"Toka hapo!" shangazi akanifokea. "Mkono wako una moto, unalikata tui. Utamuua mama yako!"

Nikaamini. Nikaukalia mkono wangu, nalia. Akakoroga yeye, likakatika vilevile. Ikabaki nusu nazi, na mama hata kuugua kwa sauti hawezi tena.

Mama mpangaji akaja na kikombe. Ndani mna wanga mweupe, ule unaotuama chini ya maji ya muhogo uliokunwa.

"Dada, koroga kijiko kimoja kwenye tui likiwa bado baridi, ndipo ubandike. Halitakatika."

"Wanga? Si wa kutilia nguo huo? Unataka nimpige pasi mgonjwa?"

"Mpige, mradi anyooke."

Shangazi akaitazama ile nusu nazi, akamtazama mama. Akanipa mwiko. "Koroga wewe. Mkono wangu nao umelikata."

Nikakoroga huku nimeuma meno. Likawa zito, likachemka polepole, halikutoa hata jicho moja la mafuta.

Nikatia samaki, akaiva; mama akameza vijiko sita vya mchuzi. Tukakaa na beseni la kutapikia mapajani. Ikaadhiniwa adhuhuri, beseni kavu. Mama akafumbua macho.

"Nani kapika? Hauna chumvi."

Shangazi akajifunika khanga usoni, akalia kwa sauti.

Nimesema vijiko sita. Kama yupo wa nyumba ile aliyesikia vilikuwa vinne, au kwamba aliyekoroga mwisho si mimi, anisahihishe ningali hai.