Majani Yenye Homa

Shangazi yangu wa Mitole hakuwahi kukata majani ya ng'ombe asubuhi. Mimi, niliyetoka chuo cha mifugo na cheti kwenye bahasha, nilimcheka. Asubuhi kuna umande na ubaridi. Kwa nini ajichome na jua la alasiri?

"Majani ya asubuhi yana njaa, bwana mifugo," alinijibu. "Yamekesha yakila akiba yake. Yaache yale jua kwanza."

Ndicho tulichofundishwa darasani, ila kwa maneno marefu na michoro. Mchana jani hujitengenezea sukari kwa mwanga. Usiku hupumua na kuila. Usiku ukiwa wa joto, hupumua zaidi, na usiku wa Machi kwetu ni wa kutupa shuka. Usanisinuru niliusomea nikafaulu, lakini sikuuona mpaka aliponisimamisha shambani kwake saa saba mchana. Kunde zilikuwa zimelegea. Majani ya tembo, yale marefu ya kulishia ng'ombe, yalisimama wima, yanachapa kazi.

"Haya yanapenda joto letu," alisema kwa kujivuna. "Ila nalo likipitiliza, yanachoka kula, na kupumua hayaachi."

Nilimvulia kofia moyoni. 

Mwaka huo ng'ombe wake wa pekee alizaa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ndama alikuwa dhaifu, na shangazi alishapoteza mmoja kabla yake. Huyu aliapa hatampoteza. Kila alasiri, na saumu yake, alikata mzigo wa majani, maana mama asiposhiba, ndama hana cha kunyonya.

Nikamwonea huruma. Siku ya ishirini na tisa nilikata mzigo mkubwa kwa siri, ili siku ya Idd asishike panga. Nikaushindilia nyuma ya banda, nikaufunika kwa turubai la kuanikia korosho usije ukanyauka. Jioni mwezi haukuonekana. Tukafunga ya thelathini, nami sikuugusa mzigo wangu. Ulikuwa zawadi ya Idd.

Shangazi aliporudi kuswali asubuhi ya Idd, nilikuwa nimeshamwekea ng'ombe majani yangu. Ng'ombe aliyanusa, akageuza kichwa. Shangazi akaniuliza nilikoyatoa, nikampeleka nyuma ya banda, akafunua turubai, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko na kuutoa haraka.

"Hebu weka na wako."

Ndani kulikuwa na joto kama la sufuria iliyotoka kuepuliwa, na harufu ya togwa lililochacha.

"Umeyakata, hujayaua," alisema. "Yamepumua humo siku mbili, yamemaliza sukari yake, yamejipikia joto. Sasa yana homa. Na huyu asipokula leo, ndama atanyonya nini kesho?"

Sauti yake haikupanda. Ni afadhali angenifokea. Swali la joto na upumuaji nililijibu kwenye mtihani, nikapata vema.

Akafunga kanga kiunoni juu ya gauni lake jipya, akachukua panga.

"Shangazi, leo Idd. Watu watasema."

"Ng'ombe hajui Idd."

Tukaenda wote, mimi na kanzu yangu. Aliniruhusu kubeba tu. Kukata alikata mwenyewe, akichagua ya upande wa mashariki, yaliyotangulia kupata jua. Ng'ombe akala mpaka akalala chini kucheua. Alasiri ndama alinyonya hadi povu likamjaa mdomoni, na nikahisi nimeondolewa gunia mgongoni.

Wageni wakaja kula pilau. Jirani mmoja, mama mwenye utani mkali, akanitazama na kumuuliza shangazi, "Huyu msomi wako anakusaidia ng'ombe, au anamwonyesha cheti?"

Nilisubiri aniumbue. Ilikuwa haki yake.

"Majani ya Idd alinikatia yeye, tangu juzi," shangazi alisema. "Alitaka nipumzike."

Wakanisifu, wakaniombea kheri. Shangazi akaitikia amina, akaificha ndani ya kanga mikono yake iliyochanwachanwa na majani.