Nilinunua pampu za tanki la samaki ili mama mkwe asiondoke, ile ya kimya kuliko zote ndiyo ikamfungasha mizigo

Wakuu, nawasalimu nyote. Mlioko kazini mnaojifanya mko bize, na mlioko nyumbani mnaojifanya mnatafuta kazi.

Haya ninayoandika yametokea ndani ya nyumba yangu, hapa Utemini, Singida mjini. Sijaongeza chumvi. Ningekuwa naongeza, ningejiweka mimi kuwa ndiye mwenye akili.

Uzi huu ni wa pampu ya hewa ya tanki la samaki. Najua kuna watu washaanza kucheka. Chekeni haraka tumalize.

Kwa wasiojua: samaki wa kwenye kioo wanahitaji hewa ndani ya maji. Kuna kimashine kidogo kinakaa nje, kinapuliza hewa kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye kijiwe kilichozama chini ya tanki, kijiwe kinatoa mapovu. Basi, sayansi yote imeishia hapo.

Kimashine hicho ndicho kilichotaka kunigombanisha na ukweni.

Tanki nililirithi kwa jirani aliyehamishiwa Dodoma kikazi. Akaniachia samaki sita wa rangi ya dhahabu na maneno ya kunitia moyo: "Hawana shida hawa." Nikaliweka sebuleni juu ya shokesi, limeegemea ukuta wa chumba cha wageni.

Pampu aliyoniachia ilikuwa na sticker imeandikwa "Super Silent". Nadhani aliyeibandika anaishi ndani ya uwanja wa ndege. Ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga kwetu Misigiri siku ya gulio. Ila mimi niliizoea, maana nina duka la stationery kwenye fremu mbele ya nyumba na photocopy machine inapiga kelele zaidi. Mke wangu naye ni mwalimu wa shule ya msingi. Mtu aliyeshinda na darasa la pili, kwake ile pampu ilikuwa muziki laini.

Ndipo mama mkwe akaja.

Mama anaishi Mungaa, kule Ikungi. Ana mbuzi wake, ana shamba lake la alizeti, hana ugomvi na mtu. Tatizo macho. Mtoto wa jicho, kote kuwili. Tumembembeleza miaka. Safari hii akakubali, akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia hapa mjini, likawekwa kifuniko. La kushoto linasubiri zamu yake, linaona ukungu tu.

Daktari alisema maneno ambayo hata mimi niliyaelewa. Akae kwangu wiki mbili. Matone mara nne kwa siku, kifuniko kinainuliwa kidogo tu na kurudishwa. Asikae kwenye moshi, asikae kwenye vumbi, asiiname kubeba ndoo. Arudi kliniki kifuniko kitolewe. Akienda kijijini kabla ya hapo jicho likaingiwa na uchafu, linaweza kupotea jumla.

Sasa kijijini kwake kuna jiko la kuni, kuna mbuzi, na kuna upepo. Upepo Singida tunao wa kutosha, tukitaka tunauza nje.

Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa moja tu: mama asiondoke kabla ya kliniki.

Niwaeleze na jambo lingine, hasa nyie wa mijini mikubwa mnaokula sahani moja na wakwe zenu. Kwao Mungaa, wazee wa rika lake, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai sebule moja. Hawapeani mkono. Hawaangaliani usoni. Mimi nasema "shikamoo mama" nikiwa koridoni, yeye anaitikia "marahaba baba" akiwa nyuma ya pazia, na hapo tumemaliza mazungumzo ya siku. Nina miaka kumi na tano kwenye ndoa, na mazungumzo yetu yote ukiyaandika hayajazi ukurasa wa daftari.

Siku ya tatu mke wangu akanifuata dukani.

"Baba Neema, mama anataka kurudi."

"Kwa nini?"

"Anasema kuku wake."

Kuku! Wakuu, kuku walikuwa wanalishwa na ukoo mzima kule. Mama ana mbuzi, hajawahi hata siku moja kumtaja kuku. Nikajua kuna jambo.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa akili nyingi, nikajua ni nini. Ni kelele. Mama wa watu amelala ukuta mmoja na mashine ya kusaga. Nani alinithibitishia? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe na nikajiamini.

Nikaingia online. Mkuu mmoja humu humu jukwaani (yeye anajijua) akanishauri: chukua pampu kubwa, kubwa haihangaiki, kwa hiyo haina kelele. Ushauri mtamu. Nikaagiza Dar, ikaja na basi. Bei sitaji, mke wangu ana akaunti humu.

Nikaiwasha. Vikombe vya harusi vyote kwenye shokesi vikaanza kugongana. Samaki wakazungushwa kama soksi kwenye mashine ya kufulia. Mmoja alinipita karibu na kioo ananitazama, nikaona kabisa ananilaumu.

Mkuu, ubarikiwe popote ulipo. Ushauri mwingine nipe siku nikitaka kuhama nchi.

Nikairudisha ile ya zamani kwa aibu. Mama akaendelea kuulizia basi la Ikungi linapita saa ngapi. Mara mbili tatu akakutwa jikoni anapapasa jiko. Mke wangu akaanza kulia jikoni. Alisema, "Akiondoka jicho likaharibika, kina kaka watasema nimeshindwa kumtunza mama."

Nikakaa chini nikasoma kwa kweli, siyo kuuliza uliza. Na hapa wenye matanki andikeni, maana nimeumia ili nyie mpone.

Kelele nyingi haitoki kwenye pampu, inatoka pale ilipokaa. Ukiiweka juu ya mbao tupu, mbao nzima inaimba. Iweke juu ya kipande cha godoro. Kijiwe cha mapovu kikiziba uchafu, pampu inasukuma kwa nguvu na kulalamika, kwa hiyo badilisha kijiwe. Nunua pampu inayolingana na tanki lako, yenye kitufe cha kupunguza hewa na miguu ya mpira. Halafu iweke juu kuliko maji, umeme ukikatika maji yasije yakarudi kwenye mpira yakaiua. Neno "silent" kwenye boksi lipuuze kama unavyopuuza "size yako ipo" sokoni.

Nikapata moja ndogo, hapa hapa mjini, kwa jamaa anayeuza vyakula vya kuku. Niliagiza Dar, kumbe ipo mtaa wa pili. Sawa tu.

Nikaifunga vizuri juu ya rafu, godoro chini, kijiwe kipya. Nikawasha.

Kimya!

Nilisogeza sikio nikidhani haifanyi kazi. Kilichobaki ni mapovu tu, yanapanda taratibu, blu blu blu. Nikasimama pale sebuleni nimeshika kiuno kama mtu aliyejenga daraja. Nikamwambia mke wangu, mwambie mama alale sasa, mkwe wake kamaliza.

Kesho yake asubuhi, saa nne, mke yuko shule. Niko dukani natoa photocopy za vyeti vya mtu. Nikaingia ndani kuchukua ream ya karatasi.

Koridoni nikamkuta mama. Kajifunga kitenge cha safari, kifurushi mkononi, anapapasa ukuta kuelekea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akageuza uso haraka upande wa jikoni. Kisha akasema, "Mwambieni baba Neema mimi natangulia stendi."

Nyumbani tulikuwa wawili tu. Aliyekuwa anaambiwa ni friji.

Nami heshima ikanishika, nikaliangalia friji. "Mwambieni mama kliniki bado siku tano."

"Mwambieni baba Neema jicho ni langu."

Friji likanyamaza. Halikuwa na la kuongeza.

Wakuu, nikaona huyu mama anatoka, anapanda basi, anaenda kwenye vumbi na jicho bichi, na mimi nimesimama nazungumza na jokofu. Nikasema liwalo na liwe. Nikamwita moja kwa moja.

"Mama. Ni kelele?"

Akashtuka, akajibu akiwa ameangalia chini. "Kelele gani?"

"Ya mashine."

"Mashine si imekufa tangu jana? Imebaki kuchemka."

"Kuchemka nini?"

"Si ndiyo mimi nashangaa! Tangu nimefika humu kuna kitu kinachemka nyuma ya ukuta. Asubuhi kinachemka, mchana kinachemka, hakuna anayekwenda kuepua. Nikamuuliza binti yangu, akasema achana nayo mama, ni mashine ya baba Neema. Nikanyamaza, nikasema kama kuna mashine basi kuna anayeiangalia. Jana mashine imekufa, kitu bado kinachemka chenyewe. Hiyo ni gesi, baba. Italipuka. Na mimi sioni hata pa kutokea."

Akaendelea kupapasa ukuta kuelekea mlangoni.

Nilisikia aibu mpaka masikioni, sitawaficha. Mama wa watu, jicho moja limezibwa na lingine ukungu, amekaa zaidi ya wiki pembeni ya ukuta anasubiri nyumba ilipuke. Kumbe zile mara alizokutwa jikoni anapapasa jiko, hakuwa na njaa. Alikuwa anatafuta moto ulipo auzime. Sisi tukamuongezea ugali.

Hakuniuliza kwa sababu mimi ni mkwe. Na mimi sikumwambia kwa sababu yeye ni mkwe. Mke wangu naye alificha kwa sababu yake, nilipombana jioni akasema: "Ningemwambiaje mama kwamba mume wangu anafuga samaki wasioliwa?"

Turudi koridoni. Nikataka kumwongoza sebuleni, lakini mkono siwezi kumpa. Nikachukua fagio, nikamshikisha mti wake upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaingia hivyo sebuleni mmoja nyuma ya mwingine. Mteja wangu wa vyeti alikuwa anachungulia mlangoni. Sijui alielewa nini na sikumuuliza.

Nikafunua kifuniko cha tanki. "Mama, weka mkono hapa."

Aligoma kwanza. Kisha akaingiza kidole kimoja, polepole, kama anayepima uji.

"Ni baridi," akasema.

Akaingiza mkono wote. Akausogeza kwenye mapovu, akayaacha yapite kati ya vidole. Akakaa hivyo muda. Samaki mmoja akaja akamdonoa, mama akaruka. "Kuna mtu humu!"

"Ni samaki, mama."

"Wanaliwa?"

"Hapana."

"Wanauzwa?"

"Hapana mama."

"Wanakamuliwa?"

Hapo nikajua amepona woga. Akajifuta mkono kwenye kitenge, akasema binti yake alikuwa na haki ya kumficha jambo hili, akaokota kifurushi chake na kurudi nacho chumbani. Kuku hawakutajwa tena.

Tukafika kliniki. Kifuniko kikatolewa, daktari akaridhika, jicho safi kabisa. Mama akatazama dirishani, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, wakashikana mikono wote wawili wanalia. Halafu akageuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tano akaniangalia mimi usoni. Mara moja tu, haraka. Akainamisha kichwa akamwambia mke wangu jambo kwa Kinyaturu. Mimi Mnyiramba, nikaambulia patupu.

Nyumbani mke akanitafsiria. Mama alisema, "Kumbe ana sura ya mtu anayeulizika."

Wakuu, maneno hayo yamenikaa kuliko matusi.

Nilichojifunza: ukitaka pampu isiyo na kelele, godoro, kijiwe safi na saizi ya tanki lako. Ukitaka mgeni wako akae kwa amani, mwonyeshe nyumba yako kuna nini ndani, hata kama ni kwa kupitia mti wa fagio. Mimi nilihangaika kumtafutia mama kimya, na kimya ndicho kilichokuwa kinamtesa.

Uwanja ni wenu, wenye matanki na wenye wakwe. Mwenye pampu anayoiamini aitaje, na mliowahi kukaa na wakwe wa aina hii semeni mliishije. Ila atakayeandika "si ungemuuliza tu" ajue nimeshaambiwa na mke, na shemeji zangu wote, na yule mteja wa vyeti.