Baiskeli ya Mwanaisha Haiazimwi

Goti la kulia lilimgomea Mwanaisha katikati ya kilima cha mchanga, njia ya kutoka Msimbati kwenda Madimba, tenga la pweza likiwa limejaa nyuma yake. Alikuwa amesimamia pedali kama alivyozoea kila asubuhi mahali pale, mara akahisi kitu kama msumari kikipita chini ya pia ya goti. Mguu ukakataa kukunja, ukakataa kunyooka. Baiskeli iliyumba huku na huku, kisha ikamlaza kichakani yeye na mzigo wake.

Wachuuzi wenzake, wote wanaume, walisimama. Salumu, aliyekuwa nyuma yake kidogo, alimwinua, akaokota pweza waliojaa mchanga, akawarudisha tengani.

"Dada Mwanaisha," alisema huku akilifunga tenga upya kwa mpira, "nilishakwambia. Hii kazi haikuumbiwa magoti ya kike."

"Na wewe ulipoteguka kiuno mwaka jana, kilikuwa cha kike?"

Wenzake wakacheka. Mwanaisha alikuwa bado anajaribu kuunyoosha mguu. Walitaka kumwitia pikipiki, akakataa. Aliikokota baiskeli akichechemea mpaka Madimba, akawauzia watu wa palepale, akarudi nyumbani akiikokota vilevile.

Hakuwa mtu wa kubebwa. Zamani, mumewe alipovuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha, alimwachia watoto wawili wadogo, Mustafa na Nasra, pamoja na baiskeli ya chuma iliyokatika mnyororo. Habari zilizorudi ni kwamba ameoa hukohuko. Mwanaisha akalia vya kutosha, kisha akaipeleka baiskeli kwa fundi. Alijifunza kuiendesha ufukweni maji yakiwa yametoka, pale mchanga unapokuwa mgumu kama sakafu. Alianguka mpaka viwiko vikaota sugu. Wanawake wenzake waliokuwa wakichokoa pweza miambani walimcheka hadi wakakaa chini, na kaka yake, Mohamedi, akaja kumwambia kwamba anauaibisha ukoo. Mwanaisha alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza kwa adabu. Kesho yake alfajiri akapanda baiskeli na kwenda kuuza pweza.

Kwa baiskeli hiyo Mustafa alisoma mpaka akapata kazi ya ulinzi kwenye kampuni moja. Kwa baiskeli hiyo Nasra aliolewa kwa heshima zake na Jafari, fundi seremala wa Mtawanya. Goti, kwa bahati mbaya, halikujali hayo yote.

Lilivimba likawa kama embe. Kuteremka kizingiti cha mlango wake mwenyewe ikawa safari. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa swala. Hakuweza kusujudu tena. Aliswali akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na kila alipokaa pale alijiona kama mgeni ndani ya nyumba yake.

Jirani yake, Bibi Mwajuma, alikuja jioni kumkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu.

"Mwanangu," alisema bibi kwa lafudhi yake ya Kimakonde, "wewe sasa ntu nzima. Tulia. Mungu kakupa ishara."

"Ishara ya nini, bibi? Mbona mwenye gari akipata pancha hasemi Mungu kamkataza safari?"

Bibi Mwajuma akamfinya goti mpaka akapiga kelele.

Kukandwa kulimpa usingizi, lakini hakukumrudisha barabarani. Kwa hiyo alinunua vidonge vya maumivu dukani, akawa anameza kabla ya kutoka. Mwanzoni aliona amepata mwarobaini. Alipanda kilima kile kwa nguvu zilezile, akampita Salumu na kumwachia vumbi. Ila dawa ilikuwa inalinyamazisha goti tu, haikuwa inaliponya. Dawa ilipoisha mwilini goti lilidai haki yake, na mwisho Mwanaisha akawa anakwenda chooni akishika ukuta.

Mustafa ndiye aliyempeleka zahanati. Tabibu alilibonyezabonyeza goti, akauliza umri wake, akauliza kazi yake. Alipotajiwa baiskeli alitikisa kichwa.

"Mama, huu ni utu uzima. Acha baiskeli, basi."

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana Mustafa aliyashika maneno hayo kama amri ya mahakama.

Ijumaa moja Mwanaisha alirudi kutoka msibani akakuta ukuta wa uani mtupu. Baiskeli haikuwepo. Mustafa alikuwa amekaa barazani akimsubiri, macho chini.

"Baiskeli yangu iko wapi?"

"Nimempa shemeji Jafari aitumie, mama. Nimempelekea asubuhi."

"Nani kakutuma?"

"Mama, nina mshahara wangu sasa. Utakula, utavaa, utalala. Sitaki kukuona unatambaa kama mtoto. Nafanya hivi kwa sababu nakupenda."

"Ukinipenda, niulize. Mwizi naye haniulizi."

Neno lile lilimchoma Mustafa, na Mwanaisha aliliona likimchoma, lakini hakulirudisha. Usiku ule walikula kila mtu kwenye pembe yake.

Kulipokucha alivaa baibui, akachukua fimbo, akapanda gari la kwanza kwenda Mtawanya. Nasra alipomwona mama yake akiingia uani na fimbo, alielewa palepale. Jafari naye alitoka kwenye karakana yake ya mbao, akainama mbele ya mkwewe kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Karibu. Nasra, weka maji, mama apate chai."

"Chai nitakunywa," alisema Mwanaisha, akikaa taratibu kwenye mkeka na kuunyoosha mguu mbele yake. "Ila nitakunywa baiskeli yangu ikiwa hapa, niione."

Jafari alikuwa katika mtihani. Hakuweza kumkatalia mkwe, na shemeji yake alikuwa amemwapisha asiitoe. Alisimama akijikuna shingo. Nasra akaanza kucheka.

"Nilikwambia, mume wangu. Baiskeli ya mama haiazimwi."

Jafari alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi akiikokota. Tayari alikuwa ameifunga mbao kwenye keria. Alizifungua moja moja, akaifuta kwa kitambaa, akaiegemeza karibu na mkeka. Mwanaisha akanywa chai yake.

Nasra hakutaka mama yake aondoke vile alivyokuja. Alimwambia kwamba katika hospitali moja mjini kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayeitwa Rebeka. Jirani yake mmoja alikuwa hawezi kuinua bega, na Rebeka ndiye aliyemsaidia.

"Ataniambia niache baiskeli?"

"Sijui, mama. Twende ukamsikie."

"Basi twende nayo. Kama ana neno baya la kuisema, aiseme mbele yake."

Walipanda gari la mjini, baiskeli ikiwa imefungwa juu ya paa, na walipofika Nasra akaikokota, mama akitembea kando kwa fimbo. Rebeka alikuwa mwanamke mnene wa Mbeya, mwenye raba za kukimbilia na sauti ya mwalimu wa michezo. Alimlaza Mwanaisha kitandani, akamkunja mguu, akamnyoosha, akamwambia asukume, avute, asimame, achuchumae. Kisha akauliza habari ya kazi. Mwanaisha akajiandaa kwa vita.

"Naendesha baiskeli. Na siachi."

"Nani kakwambia uache? Baiskeli yenyewe iko wapi?"

Walitoka uani. Rebeka akaishika baiskeli kwa nyuma, akamtaka Mwanaisha apande na akanyage taratibu. Akatazama kidogo tu.

"Siti umeishusha mwenyewe?"

"Mwenyewe. Niliishusha nilipoanza kubeba mzigo mkubwa, ili nikisimama miguu ifike chini. Bila hivyo tenga linaniangusha."

"Sasa tazama goti lako linapofika. Karibu likupige kidevu. Mama yangu, wewe huendeshi, unachuchumaa na kuinuka, unachuchumaa na kuinuka, kutoka Msimbati mpaka wateja wako walipo. Na kilimani, bila shaka, unasimamia pedali na mzigo juu. Hata chuma kingepinda."

Mwanaisha akaitazama siti. Alikuwa amekuja na majibu ya kila aina, na hakuna hata moja lililohitajika.

Rebeka hakumpa maneno matamu. Alimwambia goti limeanza kulika na halitarudi kuwa la msichana. Kama analitaka lidumu, mambo ni haya: mzigo usubiri mpaka uvimbe uishe, mazoezi ya kuimarisha paja yafanyike kila siku, siti ipandishwe, tenga lipungue, na kwenye mchanga ashuke akokote.

"Nikifanya yote hayo, nitaendesha?"

"Utaendesha. Ila ukinidanganya mimi, goti halidanganyiki."

Mwanaisha alirudi Msimbati na vita vipya. Asubuhi alikaa barazani, mfuko wa mchanga umefungwa kwenye kifundo cha mguu, akauinua mguu, akaushikilia hewani paja likitetemeka, akaushusha. Wapita njia walisimama kutazama. Mmoja akamuuliza kama anajifunza kuruka.

"Naam," alimjibu, "na nikiruka, nitatua kwanza kichwani kwako."

Kaka yake, Mohamedi, alipita akielekea shambani kwake kwenye mikorosho, akatabasamu kwa kuridhika.

"Afadhali, dada. Naona sasa umepumzika."

"Sijapumzika, kaka. Niko kazini."

Haikuwa njia iliyonyooka. Uvimbe ulipopungua, siku moja aliamka mwepesi, akajidanganya. Akafunga tenga zima, akaondoka kabla Mustafa hajarudi kutoka zamu ya ulinzi. Alifika, akauza, na njiani kurudi goti likalipiza. Mustafa alimkuta amekaa uani, mguu juu ya kigoda, uso umemsinyaa.

Alitarajia mwanawe aseme, "Nilikwambia." Badala yake Mustafa aliingia ndani, akatoka na ule mfuko wa mchanga, akapiga magoti mbele yake.

"Tuanze upya, mama?"

"Leo bado linauma. Kesho." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo haikumjia kirahisi, "Lile neno nililokwambia siku ile, mwanangu, lilinitoka kwa hasira."

"Nami nilipaswa kukuuliza kwanza," alisema Mustafa.

Mustafa ndiye aliyeipandisha siti, kwa spana aliyoiazima kwa fundi. Bomba lilikuwa limeshika kutu, akalipiga mafuta ya taa mpaka likaachia. Walipokwenda nayo ufukweni maji yakiwa yametoka, Mwanaisha alipanda akajiona yuko juu ya paa. Miguu haikufika chini. Ilimbidi ajifunze upya kushuka: kusimamisha, kuinama upande, kutua na mguu wa kushoto kwanza. Mustafa alikimbia kando yake ameshika keria, akihema, shati limelowa.

"Niachie!"

"Utaanguka, mama!"

"Niachie nianguke, mbona mimi nilikuacha uanguke ukajua kutembea?"

Akamwachia. Hakuanguka. Alikwenda hadi kwenye mwamba, akageuza, akarudi, mguu ukinyooka karibu wote kila alipokanyaga, na ule msumari chini ya pia ya goti haukuja.

Aliporudi barabarani alibeba nusu ya tenga. Kwenye kilima cha mchanga alishuka akakokota, na wanaume waliokuwa wakimpita wakapiga kengele zao kumchokoza. Aliwaacha wapite. Kwake kukokota hakukuwa kushindwa, kulikuwa sehemu ya safari. Siku za mvua goti bado lilimsumbua, na zipo siku ambazo hakutoka kabisa, akakaa barazani na mfuko wake wa mchanga. Hata hivyo adhuhuri moja, akiwa ameanza kuswali kwa kusimama, alijaribu kushuka chini polepole, akishikilia kiti. Paji la uso likagusa mkeka. Alikaa pale zaidi ya kawaida, si kwa maumivu.

Safari zake sasa si za kila siku, lakini zinafika hadi Naliendele, kwenye nyumba za wafanyakazi wanaomsubiri. Juzi mwalimu Isaya, mteja wake wa siku nyingi aliyekaribia kustaafu, alitoka na bakuli mkononi, akamtazama akishuka kwenye ile siti ya juu kwa uangalifu, mguu wa kushoto kwanza.

"Mama Mustafa, hivi wewe utastaafu lini?"

"Wewe nani anakustaafisha?"

"Serikali."

"Basi mimi serikali yangu ni hii hapa," alisema, akalipiga goti lake kofi dogo, "na tumeshakubaliana. Mwalimu, lete bakuli, unataka pweza mkubwa au wadogo? Bado nina nyumba nyingi mbele."